Kuijua Kampuni ya Ng'ambo Kabla ya Kufanya Nayo Biashara

Siku hizi mkulima wa maparachichi wa Njombe aweza kumwandikia mnunuzi aliye Ulaya asubuhi, naye akajibiwa kabla ya chakula cha mchana. Ni jambo jema, lakini barua yenye nembo ya kupendeza yaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kompyuta. Kwa hiyo yatupasa kuuliza mambo mawili: Je, kampuni hiyo ipo? Na ikiwa ipo, yaiweza kazi yenyewe?

Swali la kwanza liliwagharimu jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2003 Serikali yao ilipatana na kampuni iliyojiita Anglo Leasing and Finance katika mpango wa kutengeneza pasi mpya za kusafiria. Anwani yake ilikuwa Liverpool, Uingereza. Malipo ya kwanza yalikwisha tolewa, na mwaka 2004 Bunge likaanza kuuliza. Kampuni ilipotafutwa katika daftari la makampuni la Uingereza, haikuonekana! Fedha zile zilirudishwa, jambo ambalo lenyewe lilizidisha mashaka.

Daftari hilo, liitwalo Companies House, mtu yeyote aweza kulitazama bure kwa intaneti. Marekani haina daftari moja la nchi nzima. Kila jimbo lina lake. Basi iombeni kampuni nambari yake ya usajili, kisha tafuteni wenyewe. Msitosheke na cheti walichowaletea, kwani hicho chatoka mkononi mwa yule yule mnayemchunguza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kumsaidia mzazi wake kazi hii kwa muda wa nusu saa.

Lakini kuandikwa daftarini si ushahidi wa uwezo. Kwa miaka mingi daftari la Uingereza liliandika lililoambiwa, bila kupeleleza sana. Sheria ya mwaka 2023 ndiyo iliyompa msajili nguvu zaidi ya kuhoji na kukataa.

Hapa kwetu twakumbuka mwaka 2006, ukame ulipopunguza umeme wa maji. Kampuni ya Richmond ilipewa kazi ya kuleta mitambo ya megawati 100, nayo haikuileta kwa wakati, huku watu wakikaa gizani. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilieleza kwamba kampuni ile haikuwa na uzoefu wala uwezo wa kazi hiyo. Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alijiuzulu. Kumbe lililotakiwa kuulizwa mapema ni dogo tu: mmekwisha kufanya kazi kama hii wapi, na nani aliyewalipa?

Kwa muuzaji, yafaa benki ya mnunuzi iahidi kwa maandishi kulipa pindi hati za kupakia mzigo zifikapo, nayo benki yenu iithibitishe ahadi hiyo. Na ikiwa barua yaja ghafula kusema akaunti ya kulipia imebadilika, msiijibu barua ile. Pigeni simu kwa nambari mliyoipata tangu mwanzo.