Je, Wajua? Kati ya "A" na "An", Mwamuzi ni Sikio

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukaririshwa kwamba "an" hutangulia neno linaloanza na irabu. Kanuni hiyo ni nusu tu ya ukweli, kwani kinachoamua ni sauti, si herufi. "University" huandikwa kwa u lakini hutamkwa kwa sauti ya y, kama katika "yule", hivyo husemwa "a university"; "hour" ina h isiyotamkwa, ndiyo maana ni "an hour". Hata vifupisho hufuata ulimi: "an MP", lakini "a UN report".

Historia inaunga mkono hoja hii. "An" ndiyo kongwe: ilitokana na neno la kale lenye maana ya "moja", kisha n yake ikadondoka mbele ya konsonanti. Na kwa kuwa watu husikia kabla ya kusoma, mipaka ya maneno ilichanganyika. "A napron" ikageuka "an apron", na "an ewt" ikawa "a newt". (Waswahili tusicheke: kitabu kilipotujia kutoka Kiarabu, tulisikia kiambishi ki-, tukazaa vitabu.) Atakayepinga atataja "an historic", ambayo baadhi ya Waingereza huiandika ingawa h husikika. Lakini silabi ya kwanza ya neno hilo haina mkazo, na h yake zamani ilikuwa hafifu au haikutamkwa kabisa. Katika "history" mkazo uko mwanzoni, h inasikika wazi, na leo husemwa "a history".