Askari wa Akiba: Walioitwa Haraka, Waliokawia Kurudi

Kwa wingi wa akiba ukilinganisha na watu wake, ni vigumu kuipiku Finland: wakazi milioni 5.6, askari wa akiba wapatao 870,000. Ila hiyo ni rekodi ya daftarini. Mtihani huja vita vinapogoma kwisha, na mwalimu au fundi bomba bado amevaa magwanda.

Oktoba 2023 Israel iliita zaidi ya watu 300,000 kwa siku chache, mwito wake mkubwa kuliko wowote tangu vita vya 1973. Sheria ya 2008 humwekea askari wa kawaida wa akiba ukomo wa siku 54 katika miaka mitatu. Amri ya dharura, wenyewe huiita Tzav 8, huuruka ukomo huo, na wapo waliokwisha kuvuka siku 200. Vita vya Kagera, hapa Tanzania, havikuburuta hivyo: Idi Amin wa Uganda alivamia Oktoba 1978, na kabla mwaka haujatimia vita vilikuwa vimekwisha.

Waliokaa sana Iraq bila kubadilishwa, kati ya vikosi vya mapigano vya nchi kavu vya Marekani, ni brigedi ya Walinzi wa Taifa wa Minnesota: miezi 16 vitani, 22 tangu kuitwa. Walikuwa wakikaribia kurudi Januari 2007 walipoongezewa muda. Mwezi huohuo waziri wa ulinzi, Robert Gates, alitangaza kwamba askari wa akiba wasiitwe kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa mkupuo! Walipofika nyumbani, karibu nusu yao waligundua hati zao zimeandikwa siku 729. Marupurupu kamili ya masomo yalidai 730. Hesabu ya namna hiyo haifanywi na adui. Hufanywa na karani, na ilibidi kelele zipigwe ndipo jeshi likubali kurekebisha hati.

Kwa mwito usio na tarehe ya mwisho, Urusi na Ukraine zinagombea nafasi ya kwanza. Amri ya Putin ya Septemba 2022 ililenga watu 300,000. Ikatangazwa kwamba lengo limetimia, lakini waliochukuliwa hawakuachiwa. Ukraine nayo, Aprili 2024, ilipitisha sheria mpya ya uandikishaji. Rasimu yake ilikuwa na kifungu cha kuwarudisha uraiani waliotumikia miezi 36. Kiliondolewa kabla ya kura.