Kungoja Bila Tarehe

Bonde la Kilombero limezoea ndoa za mbali. Mpunga ukianza kutoa masuke, mume au mke huhamia shambani, hujenga dungu, huamia ndege tangu alfajiri hadi jua linapozama, na nyumba ya kijijini hubaki na bibi na watoto wa shule. Familia zinaweza kukaa hivyo wiki nyingi, hata miezi, na hakuna anayeitisha kikao cha ukoo. Kila mtu anajua mpunga ukikomaa utakatwa, ukikatwa utapurwa, na magunia yakishapakiwa mwenye dungu atarudi nyumbani.

Sasa mchukue mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Mkamba, Kidatu, ambaye mumewe yuko Marekani. Mwalimu huyu ni wa mfano, lakini hatua anazopitia ni za kweli. Mumewe ameomba amlete, maombi yamepokelewa, na wamepewa namba yenye herufi 3 na tarakimu 10. Kila asubuhi kabla ya wanafunzi kupanga mstari, anafungua simu, anaingiza namba ile na kusoma sentensi ileile ya jana: maombi yako yamepokelewa. Hana njaa wala deni, na mumewe anapiga simu kila siku. Lakini halali vizuri, kichwa kinamgonga, na wanafunzi wameanza kumwogopa. Mama mkwe hamwelewi. "Mwanangu, baba zetu walikwenda manamba kwenye mkonge, na simu hazikuwapo. Mbona mama zetu hawakuugua?"

Swali la mama mkwe ni zuri, na lina jibu. Manamba alikuwa na mkataba, na mkataba ulikuwa na mwisho. Alikuwa na kipande kilichohesabu siku alizofanya kazi. Urefu wa kungoja ni jambo moja, na kutojua mwisho wake ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo linalotafuna mwili.

Mwaka 2016 Archy de Berker na wenzake wa University College London walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 45. Kwenye kompyuta walionyeshwa mawe, wakatakiwa kubahatisha kama chini ya jiwe kuna nyoka. Akiwepo, walipigwa shoti ya umeme mkononi, ya kuumiza kweli. Uwezekano wa kumkuta nyoka ulikuwa ukibadilika mara kwa mara, kwa hiyo mtu alilazimika kukisia upya. Watafiti walipima jasho na mboni za macho. Ilitarajiwa kwamba anayejua kwa hakika kuwa ataumia ndiye atakayehangaika zaidi, lakini haikuwa hivyo. Mhangaiko ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyekuwa na hakika ya maumivu alitulia kuliko yule ambaye huenda angepona.

Zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo, Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alikuwa ameona jambo la jirani na hilo kwa panya. Panya wawili walipata shoti zilezile, kwa nguvu ileile, kwa saa zilezile. Mmoja alisikia mlio kabla ya kila shoti, mwingine hakusikia kitu cha kumtahadharisha. Yule asiye na taarifa alipata vidonda vya tumbo vingi zaidi, kwa mbali. Maelezo yanayokubalika sana ni kwamba mlio humpa panya zawadi isiyoonekana: muda wote ambao haulii, yuko salama. Anakula, analala, mapigo ya moyo yanashuka. Asiye na mlio hana dakika hata moja ya kupumzika, maana kila dakika inaweza kuwa ndiyo yenyewe. Kotisoli, homoni inayouandaa mwili kwa hatari kwa kupandisha sukari kwenye damu, inahitajika kwa muda mfupi na kisha ishuke. Isiposhuka, usingizi, kumbukumbu na kinga ya mwili hulipa gharama.

Kwa mwalimu wetu hali ni hiyo, na jiografia inaizidisha. Ofisi za Washington hufunguliwa wakati Kidatu ni jioni, hufungwa kwetu ikikaribia usiku wa manane au umeshaingia. Barua pepe ya maana inaweza kuingia saa 5 usiku. Basi simu inalala chini ya mto.

Na kule kufungua ukurasa kila saa si utovu wa subira. B. F. Skinner na Charles Ferster, katika kitabu chao cha 1957, walionyesha kwamba njiwa akipewa punje kwa vipindi visivyotabirika huendelea kudonoa kwa mwendo uleule, bila kuchoka upesi, tofauti na njiwa aliyezoea kupata punje kila baada ya muda maalumu, ambaye hupumzika kwanza. Ukurasa usiobadilika kwa miezi 7, halafu siku moja ukabadilika, unamfundisha mtu kudonoa hivyohivyo.

Kwa nini basi ofisi isimpe tarehe tu? Hapa nawatetea maofisa kidogo. Hesabu za foleni zilianzishwa na Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyechapisha andiko lake la kwanza kuhusu simu mwaka 1909. Katika umbo lake rahisi zaidi, lenye mhudumu mmoja na wateja wanaokuja kiholela, hesabu inasema hivi: mhudumu akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, mteja wa wastani atangoja mara 4 ya muda wa kuhudumia mtu mmoja. Shughuli zikifika asilimia 90, atangoja mara 9. Zikifika 95, mara 19. Zikifika 99, mara 99. Ofisi za uhamiaji ni tata kuliko hapo, lakini tabia ni ileile: ofisi iliyobanwa hadi ukingoni, ukiiongezea kazi kidogo tu, au maofisa wawili wakienda likizo, foleni inaruka kwa miezi. Ofisa anayesema hajui lini huenda anasema kweli. Lakini angeweza kumwambia mwombaji kwamba wengi wa waliomtangulia walijibiwa kati ya mwezi fulani na mwezi fulani, na hilo hata Erlang asingelipinga. David Maister, aliyeandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya foleni, alilisema mapema: kungoja kusikoelezwa huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa.

Zaidi ya hesabu kuna siasa. Mke wa raia wa Marekani hawekewi kikomo cha idadi ya viza kwa mwaka; mke wa mwenye grini kadi anawekewa. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali la tarehe: walioomba kabla ya tarehe hii zamu yao imefika. Tangu katikati ya 2019 hadi Machi 2023 kundi la wake na waume wa wenye grini kadi lilikuwa wazi, zamu haikungojwa. Aprili 2023 jedwali likasoma 8 Septemba 2020. Mtu alilala akiwa mlangoni, akaamka yuko nyuma ya foleni ya zaidi ya miaka 2. Uingereza nayo, Aprili 2024, ilipandisha kipato anachotakiwa kuwa nacho anayemleta mwenza wake kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi 29,000. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, taarifa zilifika hadi Nyarugusu kule Kigoma, ambako Wakongo wengine wameishi tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996.

Tusiwanyooshee kidole wageni peke yao. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa njia ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Apange foleni na wengine. Anayeishi na mke wake Kidatu kwa kibali cha kuhuishwa kila mara naye anaishi bila tarehe.

Halafu kuna makaratasi. Pale Kidatu, reli iliyotoka Kilosa, yenye upana wa milimita 1,000, inakutana na TAZARA, yenye milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu vinne, lakini behewa halipiti, na mzigo wote lazima ufaulishwe. Nyaraka za ndoa zina shida hiyohiyo. Mtu ni Mwanaidi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanaid kwenye kitambulisho cha NIDA, na kwenye cheti cha ndoa katumia jina la babu badala ya la baba. Kidatu nzima inamjua. Ofisa aliyeko mbali anaona watu watatu. Basi ni wakili, hati ya kiapo, safari ya wilayani, kisha RITA. Hata hivyo nimeona watu wakiwa na nafuu wanapohangaikia nyaraka kuliko wanapozikamilisha. Kuhangaika kuna hatua na kila hatua ina mwisho. Bahasha ikishaondoka, hakuna tena cha kufanya.

Kuna gharama nyingine ambayo haiingii kwenye risiti. Shemeji anamwuliza mwalimu kama atapanda miwa msimu huu kwenye ekari 2 alizorithi. Muwa unakaa karibu mwaka kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha shina huchipua na kukatwa tena misimu kadhaa. Faida iko kwenye hayo machipukizi. Akipanda na viza ikatoka, nani atasimamia? Asipopanda na viza isitoke? Mwaka wa kwanza anakodisha shamba. Wa pili anaomba asihamishwe shule, na kozi ya stashahada aliyoitaka anaiahirisha. Uswisi, nchi ambayo Ifakara inaijua tangu Rudolf Geigy aanzishe maabara yake pale mwaka 1957, ilitoa takwimu za jambo hili. Jens Hainmueller na wenzake walichapisha mwaka 2016 kwamba kila mwaka mmoja wa ziada ambao waomba hifadhi walingoja uamuzi huko ulipunguza uwezekano wao wa kuwa na kazi baadaye kwa alama 4 hadi 5 za asilimia. Hao ni waomba hifadhi, si wake za watu, na mazingira yao ni magumu zaidi. Lakini kilichowaangusha, kwa maoni ya watafiti, ni kukata tamaa kunakoletwa na kungoja kwenyewe. Mwalimu wa Mkamba angewaelewa.

Dawa je? Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, ametumia miaka mingi kuchunguza watu wanaongoja. Katika utafiti uliochapishwa 2016 aliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliokuwa wakisubiri kwa miezi 4 matokeo ya mtihani wa uwakili. Walijaribu kila mbinu: kujipa matumaini, kujiandaa kwa baya, kutafuta heri ndani ya shari. Karibu hakuna iliyopunguza mahangaiko, na nyingine ziliyaongeza. Lakini waliohangaika ndio waliopokea habari mbaya kwa uimara zaidi, na habari njema kwa furaha kubwa zaidi. Waliotulia tuli ndio waliopigwa na butwaa. Kwa hiyo mwalimu anayekosa usingizi si mgonjwa wala si mdhaifu wa imani, na "usiwaze" ni ushauri usiotekelezeka.

Kilichosaidia, katika tafiti za baadaye za Sweeny na wenzake, ni kuzama katika kazi. Si kujiliwaza kwa tamthilia, bali kazi yenye ugumu unaolingana na uwezo wako, yenye lengo, inayokuonyesha papo hapo kama umepatia au umekosea. Cherehani inafaa. Kujifunza Kiingereza cha mtihani kunafaa, na kunatumika. Watu wa Wuhan na miji mingine ya China walichunguzwa pia mapema 2020, wakati wa karantini za korona. Waliopata kuzama hivyo walistahimili karantini ndefu karibu sawa na wale ambao hawakuwa karantini.

Dawa moja kubwa mwalimu kanyimwa. James Coan wa Chuo Kikuu cha Virginia aliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwatishia kwa shoti. Aliyeshika mkono wa mumewe, ubongo wake ulihangaika kidogo kuliko aliyeshika mkono wa mtu asiyemjua, na kuliko asiyeshika wa yeyote. Ilichapishwa 2006. Simu haifanyi hivyo, ingawa wengi watabisha. Mkono wa mama mkwe, pengine, si haba.

Simu ina hatari nyingine, ndogo lakini ya hila. Crystal Jiang na Jeffrey Hancock, mwaka 2013, walikuta kwamba wapenzi walio mbali hufunguliana mioyo zaidi, na kila mmoja humwona mwenzake mwema kuliko alivyo. Wanazungumza bando likiwa lipo, wameoga, wamechagua maneno. Laura Stafford na wenzake waliwachunguza wachumba waliokutana tena baada ya kuishi mbalimbali, na karibu theluthi yao waliachana ndani ya miezi 3 tu baada ya kungoja kuisha. Wakasema walipoteza uhuru, na wakagundua tabia ambazo simu ilizificha. Mwalimu na mumewe wangefanya vema kugombana kidogo sasa hivi: nani atamlipia karo mdogo wake wa Ifakara, mshahara wa Marekani utatumwa nyumbani kiasi gani, na kwa nini yeye mume, akitoka kazini zamu ya usiku, huacha sufuria bila kuziosha hadi Jumamosi.