Chumba cha Maji Nyuma ya Mashine za Figo

Hospitali inapozindua kitengo cha kusafisha damu, picha hupigwa kwenye mashine. Zimepangwa mstari, skrini zinawaka, mgeni rasmi anakata utepe. Mashine hizo zinaokoa maisha na zinastahili kushangiliwa. Lakini nyuma ya ukumbi, karibu na matangi, kuna chumba ambacho mgonjwa anaweza kutibiwa kwa miaka bila kukiona. Humo ndimo maji yanamosafishwa, na uboreshaji wowote wa vifaa unapaswa kuanzia humo.

Figo zikishindwa kazi, damu hutolewa mkononi na kupitishwa kwenye chujio lenye maelfu ya neli nyembamba kama nywele. Nje ya neli hizo hupita maji yaliyochanganywa na chumvi kwa vipimo maalumu, na sumu za mwilini hupenya ukuta wa neli na kuingia kwenye maji hayo. Kwa kawaida hupita mililita 500 kila dakika. Kwa saa nne ni lita 120, na kwa vipindi vitatu vya wiki ni lita 360. Mtu mzima anayekunywa lita mbili kwa siku hufikisha 14 tu kwa wiki, tena hayo hupita kwanza kwenye utumbo na ini. Ya mgonjwa wa figo yanatenganishwa na damu yake na utando mwembamba tu.

Safari ya kifaa hiki ilianza Kampen, Uholanzi. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, daktari Willem Kolff alizungushia neli ya selofani, ile ya kutengenezea soseji, kwenye pipa la vipande vya mbao lililokuwa likizunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akapona.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa mshipa, kwa sababu kila kipindi kilidai mshipa mpya. Mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle aliacha neli ya Teflon mkononi mwa mgonjwa ili itumike tena na tena. Mwaka 1966, madaktari wa New York, wakiwamo James Cimino na Michael Brescia, wakachapisha njia ya kuunganisha ateri na veni. Ndiyo fistula inayotumika hadi leo, na wagonjwa hufundishwa kuigusa kila siku. Mtetemo ukipotea chini ya kidole, ni kukimbilia hospitali.

Maji nayo yaliacha makovu. Katika miaka ya 1970 baadhi ya wagonjwa Ulaya na Marekani walianza kushikwa na kigugumizi, kupoteza kumbukumbu, na mifupa yao kuvunjika ovyo. Chanzo kilikuwa alumini ndani ya maji. Kwa sehemu kubwa ilitokana na madini ya jamii ya shabu, ambayo mamlaka za maji hutumia kutuliza tope. Kwa mnywaji wa kawaida hayakuwa na shida.

Caruaru, Brazil, yalitokea mabaya zaidi. Mwaka 1996, kituo kimoja kililetewa kwa malori maji ya bwawa lenye mwani wenye sumu, bila kusafishwa ipasavyo. Wagonjwa 116 waliugua, 100 kati yao ini likashindwa kufanya kazi, na vifo 52 vikahusishwa na sumu hiyo. Mashine zilikuwa zikifanya kazi kama zilivyoundwa.

Yeyote anayejua maji ya boza na visima vya chumvi vya Dar es Salaam au Mombasa ataona kwa nini habari hiyo isibaki Brazil.

Teknolojia mpya inaongeza uzito wa hoja. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 1,360, ulilinganisha usafishaji wa kawaida wa kisasa na hemodiafiltrasheni, ambayo huingiza maji maalumu moja kwa moja kwenye damu. Waliofariki walikuwa asilimia 17.3 kwa njia hiyo mpya, dhidi ya 21.9. Ni nafuu kubwa. Lakini maji yanayoingia kwenye damu kwa zaidi ya lita 20 kila kipindi lazima yawe safi kupita kiwango cha kawaida, na mashine ya bei kubwa kwenye chumba cha maji kibovu inamwongezea mgonjwa hatari.

Kinachotakiwa kinajulikana. Mtambo wa kusukuma maji kwa shinikizo kwenye utando unahitaji vipuri na fundi aliyefunzwa. Kabla yake huwekwa matangi mawili ya mkaa yanayofuatana ili kunasa klorini, ambayo ikifika kwenye damu huvunja chembe nyekundu. Sampuli huchotwa katikati ya matangi hayo kabla ya kila zamu ya wagonjwa. Kiwango kikizidi miligramu 0.1 kwa lita, tangi la kwanza limechoka, na la pili linampa fundi muda wa kubadilisha mkaa kabla mgonjwa hajaguswa.