Gershom Sizomu

Gershom Sizomu ni rabi kutoka nchi ya Uganda na kiongozi wa kiroho wa Abayudaya, jamii ya Wayahudi Waafrika wanaoishi hasa karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa nchi hiyo. Ni mtu wa kwanza wa jamii hiyo kupata daraja la urabi baada ya masomo rasmi. Pia alikuwa mbunge katika Bunge la 10 la Uganda (2016–2021).

Asili ya jamii yake

Jina Abayudaya ni la Kiganda, maana yake "watu wa Yuda". Jamii hiyo haidai kuwa ukoo wa Israeli ya kale. Ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyewahi kushirikiana na Waingereza. Aliposoma Biblia, Kakungulu aliamua kushika sheria za Musa, akatahiriwa pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928. Kati ya waliodumisha imani hiyo baada yake alikuwa Samson Mugombe, babu yake Sizomu.

Utoto chini ya Idi Amin

Sizomu alikuwa mtoto wakati serikali ya Idi Amin ilipopiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa na ibada zikafanyika kwa siri. Baba yake alikamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiwa baada ya kutolewa mbuzi. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu: inakadiriwa kwamba waumini walipungua kutoka 3,000 hivi hadi 300 hivi.

Amin alipinduliwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo ilianza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri.

Katika miaka ya 1980 Sizomu na vijana wenzake waliishi pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, wakijifunza Kiebrania na kuwarudisha waliotawanyika.

Masomo na urabi

Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Konsavativu, ambayo msimamo wake uko kati ya Waorthodoksi na Wareformu, walifika Uganda na kuwaongoa rasmi watu 400 hivi. Abayudaya wa kijiji cha Putti hawakuridhika na hatua hiyo, wakachagua njia ya Kiorthodoksi.

Mwaka uliofuata Sizomu alikwenda Los Angeles, Marekani, kusoma katika Chuo cha Ziegler. Alipewa daraja la urabi mwaka 2008, akarudi nyumbani. Kabla ya hapo, Abayudaya walihitaji kungoja marabi kutoka ng'ambo ili mtu aongolewe kisheria. Sasa baraza la kidini liliweza kukaa Nabugoye chini ya rabi mwenyeji, na likawapokea pia watu kutoka nchi nyingine za Afrika.

Athari

Sizomu alitunga tuni za zaburi na sala kwa Kiganda na Kiebrania. Baadhi ya nyimbo za jamii hiyo zilitolewa katika albamu ya mwaka 2003 iliyoteuliwa kushindania tuzo ya Grammy.

Chini ya uongozi wake jamii imeendesha shule ambamo Wayahudi, Waislamu na Wakristo husoma pamoja, na kituo cha afya mjini Mbale kinachohudumia wote. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini kupitia chama cha upinzani cha FDC, katika jimbo ambalo Wayahudi ni wachache sana.

Suala la kutambuliwa

Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi la Israeli liliwatambua Abayudaya walioongolewa kuwa sehemu ya taifa la Wayahudi. Hata hivyo, mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la Myahudi mmoja wa Uganda la kuhamia huko. Hivyo watu wanaoweza kuhesabiwa katika sala popote kwenye masinagogi ya Konsavativu duniani hawana hakika ya kupokewa kwenye mpaka wa Israeli. Ingawa Sizomu alipata daraja katika chuo kinachoheshimiwa, urabi wake haukutosha kumaliza suala hilo.