Shahidi wa Moyo Uendao Mbio

Mkulima wa Mbulumbulu, huko Kambi ya Simba au Upper Kitete, ambako mashamba ya ngano yapakana na msitu wa Ngorongoro, aujua vyema moyo uliotaharuki kwa kupanda kilima na mzigo, maana kasi yake huja kwa taratibu na huondoka kwa taratibu. Walakini moyo wenye maradhi ya mapigo huruka ghafula hata 150 au 200 kwa dakika hali mwenyewe ameketi, kisha aghalabu hutulia ghafula vile vile, hata mgonjwa afikapo zahanati hana tena dalili ya kuonyesha, naye hurudishwa nyumbani akiambiwa ni wasiwasi tu. Hiyo ni dhuluma, ijapokuwa haikukusudiwa.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, ukiamrishwa na umeme utokao katika chemba ya juu ya kulia. Baadhi ya watu huzaliwa na njia ya ziada ya umeme huo, nao ukishaipata huzunguka pasipo kikomo, mithili ya ngamia wa kinu cha ufuta. Wengine chemba zao za juu hutetemeka tu, mapigo yasiwe na mpango, damu ikatuama na kuganda, na bonge lake likipanda ubongoni huleta kiharusi. Wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wenye miaka 70 na zaidi, walipopimwa, waliokuwa na mtetemo huo hawakufika hata mmoja katika mia. Lakini kwetu Afrika Mashariki huwapata pia vijana ambao vali zao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, na kwa hao utafiti wa kimataifa wa mwaka 2022 ulidhihirisha kuwa dawa kongwe za kuzuia damu kuganda kama warfarini, ijapokuwa humlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara, huwafaa zaidi kuliko rivaroksabani iliyo mpya.

Yakini ya haya yote hutoka katika karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo alichokiasisi Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1924. Nayo karatasi hiyo ina thamani kubwa zaidi ikiandikwa moyo ungali mbioni.

Mapigo yakiwa ya haraka lakini yenye mpango, na mgonjwa ana fahamu zake, mhudumu humpulizisha kwa nguvu katika bomba la sindano kwa sekunde 15, kisha mara humlaza chali na kumwinua miguu kwa muda kama huo. Jambo jepesi, lisilo na gharama, na ambalo nchini Uingereza, mwaka 2015, liliwatuliza wagonjwa 43 katika 100, hali waliopuliza bila kuinuliwa miguu walitulia 17 tu. Lisipofaa, hudungwa adenosini mshipani kwa haraka, na ni wajibu wa mdungaji kumwambia mgonjwa mapema kuwa kifua kitambana kwa sekunde chache, kwani hofu ya wakati ule ni kubwa mno. Aliyezirai, au ambaye shinikizo lake la damu limeporomoka, hasubirishwi dawa, bali moyo wake hurudishwa kwa shoti ya umeme. Kuiunguza ile njia ya ziada kwa waya upitishwao mshipa wa paja ni kazi ya mabingwa, na safari yake ni ndefu.

Basi, ndugu msomaji, moyo ukikuenda mbio usingoje upoe ndipo uondoke. Nenda kwenye kipimo kilicho karibu, na ukiisha kupimwa omba nakala ya karatasi ile, uitunze pamoja na kadi yako ya matibabu.