Simu Ikizimika, Nasi Tuzimike?

Umeme ukikatika mtaani siku hizi, watu hawaulizani tena habari ya taa wala friji. Wanaulizana, "Una chaji ngapi?" Kisha utawaona wanatoka na waya mkononi kutafuta duka lenye jenereta. Wengi wetu huwalaumu vijana na TikTok yao, lakini nionavyo mimi sote tumo, wazee kwa vijana. Tumeitegemea simu kwa mambo matatu, na kila moja lina hatari yake.

La kwanza ni pesa. Kabla ya M-Pesa kuanza Machi 2007, mtu aliyefanya kazi Mombasa akitaka kupeleka matumizi Lamu, alitia noti katika bahasha akamkabidhi mtu wa basi, akamwombea dua afike salama. Leo hata mama wa mbaazi na mahamri analipwa kwa simu. Tangu 2019 kuna na Fuliza, salio likipungua unakopeshwa papo hapo, na ada zake zinatufanya Waislamu tujiulize habari ya riba. Bima ya afya ya SHA nayo twajisajili kwa *147#. Kwa hivyo anayeibiwa simu leo ameibiwa kibeti na funguo kwa pamoja. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana hawachoki kukupigia kukuomba nambari ya siri.

La pili ni kumbukumbu, na hili ndilo linalonitisha zaidi. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa kuhifadhi: Qur'ani chuoni, tendi na nasaba nyumbani. Enzi za simu za mezani kila mtu alikuwa na nambari kadhaa kichwani. Hebu jaribu sasa hivi, bila kutazama simu, utaje nambari ya mkeo au mumeo, kisha ya mamako. Ukikwama, usidhani akili imeharibika. Kichwa hakijisumbui kubeba kitu ambacho kinajua kimewekwa mahali pengine. Lakini fikiria umepata ajali ya bodaboda, simu imepasuka au imechukuliwa, uko hospitali na muuguzi anakuuliza, "Tumpigie nani?" Utamjibu nini? Watu wako watakesha wakipiga laini isiyopatikana, na wewe uko hapo hapo mjini.

La tatu ni muda. Kampuni za mitandao hii hupata pesa kwa matangazo, na kadiri unavyokaa ukitazama ndivyo zinavyopata zaidi. Ndiyo sababu ukurasa hauna mwisho na video moja ikimalizika nyingine inajileta. WhatsApp nayo, tangu 2014, ina zile tiki mbili za buluu: mwenzako akiziona na hujamjibu, huwa ugomvi. Pita barazani baada ya Isha uone, watu watano wamekaa pamoja na kila mmoja ameinamia mwanga wake.

Sisemi tuzitupe simu. Mtoto aliye Ughaibuni tunamwona uso kwa simu hiyo hiyo, na habari ya maziko hutufikia kabla ya maiti kuoshwa. Ninachosema ni kwamba kila kilicho ndani ya simu kiwe na pacha wake nje ya simu.

Andika nambari nne za watu wako kwenye karatasi, uitie kwenye kibeti. Wafundishe watoto nambari ya mama kwa kuiimba, kama walivyofundishwa alifu na bee. Weka nauli ya kurudi nyumbani kwa noti. Nambari ya siri usiihifadhi ndani ya simu yenyewe. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua uiripoti. Na kati ya Magharibi na Isha, iache simu chumbani uzungumze na watu wa nyumba yako.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu leo ni simu, na simu huanguka baharini, huibiwa na huzimika. Basi leo kabla ya kulala, tafuta kalamu na karatasi.

Wabillahi tawfiq.